Bi Mwanakuu Alivyoialika Injini

Kuna watu hapa Mombasa wanaoamini kwamba harusi hujaa kwa sababu ya biriani. Waacheni waamini. Harusi ya mtaa wetu wa Kuze hujaa kwa sababu ya mdomo, na kwa miaka na miaka mdomo huo ulikuwa wa Bi Mwanakuu. Kazi yake ilikuwa kualika. Mwenye shughuli humwita akamtajia nyumba anazozitaka, naye hujifukiza udi, akatia buibui, akashika vichochoro kutoka Kuze hadi Kibokoni, mlango kwa mlango. Hakai, hanywi chai. Husimama mlangoni akatoa salamu za mwenye harusi, akauliza hali za wazima na wagonjwa, akataja siku ya nikaha na siku ya kupamba, kisha akamaliza kwa kusema kwamba wote waitwa, wakubwa kwa wadogo, na paka wa nyumba pia. Hiyo ya paka aliitia yeye mwenyewe, na watu waliipenda.

Na msidhani kazi imekwisha hapo. Mtu wa Kuze ukimwalika mara moja, hujamwalika. Umemtajia tu. Siku zikikaribia lazima urudi umkumbushe, tena kwa maneno yale yale na adabu ile ile, na usiporudi atakaa kwake amenuna, na mwaka mzima atakuwa akisimulia kwamba aliitwa kama mtu aliyekutwa njiani. Walikuwako waliotaka kukumbushwa mara mbili, na waliotaka mara tatu. Hao wa mara tatu ndio waliofika kabla ya bibi harusi mwenyewe, na ndio walioondoka na sahani ya biriani chini ya buibui. Bi Mwanakuu aliwajua wote na vipimo vyao, na hakuna aliyewahi kununa kwa ajili yake.

Kisha zikaja kadi. Kadi nzuri wallahi, za karatasi ngumu, zina maua ya dhahabu, na chini pana maneno ya Kizungu ya kumtaka mwalikwa ajibu kama atakuja au haji. Kuze nzima haijawahi kujibu hata moja. Lakini watu waliona ni maendeleo, na mwenye harusi aliyekuwa akimwita Bi Mwanakuu sasa alimpa kadi kama wengine, akamwambia na wewe waitwa, karibu sana. Alizipokea, akazipanga kabatini, na akaenda harusini kuangalia waliokosa kuja kwa sababu hawakukumbushwa. Walikuwa wengi, na hakujisumbua kuificha furaha yake.

Kadi hazikumnyima usingizi. Kilichomuuma ni Zaki. Alikuwa mwanawe wa pekee, mtoto aliyempata kwa marehemu mumewe, Sheikhan. Mwanzoni mwa miaka ya tisini Zaki alipata kazi melini pale Kilindini. Meli ikafika Uingereza, Zaki akashuka kununua sabuni, na meli ikaondoka bila yeye. Hivyo ndivyo alivyoeleza mwenyewe kwa simu, na Bi Mwanakuu hakuuliza ni sabuni gani hiyo. Siku hizo Zaki alikuwa akipiga kwa jirani, Bi Mwanaesha, aliyekuwa na simu ukumbini na masikio mawili makubwa karibu yake. Kisha simu zikawa chache. Kisha zikakoma kabisa, na ile nambari aliyoacha ikawa ikijibiwa na mwanamke wa Kizungu asiyemjua Zaki wala asiyetaka kumjua.

Miaka mitatu ikapita hivyo. Watu wakimuuliza Zaki yu vipi, Bi Mwanakuu alijibu hajambo, awasalimu sana. Salamu hizo alizitunga njiani, na alimgawia kila mtu zake. Nyumbani peke yake alikuwa akijiuliza kama mwanawe yu hai. Hakuwa akitaka fedha za Ulaya, wala friji, wala lile blanketi la simba ambalo kila mwenye mtoto Uarabuni alikuwa amelitandika. Alitaka kusikia sauti tu, basi.

Mwaka wa tisini na tisa akaja Ngumbao. Ngumbao alikuwa mtu wa Kaloleni aliyekuwa akikaa Likoni, kila asubuhi akivuka Feri na shati lililopigwa pasi mpaka likasimama lenyewe. Alikodi chumba cha duka pembeni mwa Kuze, akaweka simu, mashine ya fotokopi na kompyuta moja iliyoungwa na intaneti kila laini ilipojisikia. Ukutani alitundika cheti chake cha kompyuta, kikubwa kuliko dirisha. Watu wa Kuze waliingia, wakakisoma, wakamsifu, wakapiga fotokopi ya kitambulisho, wakaondoka. Kompyuta ilikaa chini ya kitambaa cha kufumwa mithili ya mwari.

Ni Bi Mwanakuu aliyeifunua. Alikwenda kupiga ile nambari ya Uingereza kwa mara nyingine, yule mwanamke akamkatia kwa mara nyingine, na Ngumbao, ambaye kwa kweli ana moyo mzuri, akamwambia kuna njia. Akamweleza kwamba Waswahili waliotawanyika ulimwenguni sasa wana kompyuta, na wakishikwa na hamu ya nyumbani huketi wakaandika jina la mtaa wao waone kitakachotokea. Tatizo ni kwamba wakiandika Kuze hakitokei kitu. Basi tuwawekee kitu. Tufungue ukurasa wa habari za Kuze, na humo tumwite Zaki. Siku hizi kila mwenye simu ana ukurasa wa namna hiyo, anaandika alichokula na alivyokasirika, na mwauita blogu. Wakati huo halikuwako hilo neno, na Bi Mwanakuu alikuwa na mengi zaidi ya kusema kuliko alichokula.

Yeye alisema, Ngumbao akachapa. Salamu peke yake zilichukua nusu ya ukurasa, kwa sababu hawezi mtu mwenye adabu kuingia nyumba za watu Ulaya nzima akaanza na habari. Baada ya salamu zikaja habari zenyewe: nani kaoa, nani kajifungua, nani kafa, nani kapaka nyumba rangi isiyofaa. Ngumbao aliuliza kama hiyo ya rangi ni lazima. Akaambiwa achape. Na chini ya hayo yote, chini ya picha ya Zaki aliyopigwa siku ya Idi amevaa kanzu mpya, yakaandikwa maneno haya: Zaki bin Sheikhan wa Kuze, mamako yu hai na asubiri sauti yako, nambari ya simu ni hii, ukipiga mtake Ngumbao, ataniita.

Ukurasa ukawa tayari. Bi Mwanakuu akavuta kiti karibu na simu, akangoja. Ngumbao ikabidi amweleze kwamba bado. Ulimwenguni kuna kurasa nyingi kupita kiasi, na inayojua zilipo ni mitambo inayoitwa injini za kutafutia. Mtu akiandika Kuze, injini ndiyo inayomletea kurasa za Kuze, na haiwezi kuleta ukurasa isioujua. Basi mwenye ukurasa huenda mahali pa injini, akaijazia anwani yake, akabonyeza, kisha akakaa wiki kadhaa mpaka injini ipate nafasi ya kupita.

"Yaani twaialika," akasema Bi Mwanakuu.

Ngumbao akafikiri kidogo, akasema ndiyo, unaweza kusema twaialika. Laiti angesema hapana. Cheti kikubwa vile, na hakikumfundisha kwamba kuna neno moja hulitaji mbele ya fundi wa kazi yake.

Wakaialika. Bi Mwanakuu akauliza itakumbushwa lini. Ngumbao akasema haikumbushwi, mara moja yatosha. Bi Mwanakuu akamtazama kwa huruma. Kijana wa watu, alijisemea, kakulia bara, hajui mambo ya wageni wakubwa. Injini inayotafutwa na ulimwengu mzima, kila mtu aitaka ije kwake, kisha wewe uiite mara moja na kukaa. Kwani itakuonaje? Hakubishana naye. Alikwisha kutazama vidole vya Ngumbao vilipokwenda, na mtu aliyekuwa akikariri nyumba zote za Kibokoni hawezi kushindwa kukariri visanduku vitatu na kitufe kimoja.

Tangu siku hiyo Ngumbao akawa na mteja wa kudumu. Asubuhi Ngumbao akiwa nyuma anahangaika na mashine ya fotokopi, Bi Mwanakuu yuko mbele ya kompyuta anaikumbusha injini. Baada ya alasiri Ngumbao akitoka kwenda kunywa chai, Bi Mwanakuu anaikumbusha tena. Na hakuikumbusha kavu. Palikuwa na kisanduku cha kuandikia maelezo ya ukurasa, naye, kwa kidole kimoja, herufi kwa herufi, alikuwa akiandika humo: Bi Mwanakuu wa Kuze akusalimu, akukumbusha ule mwaliko. Siku nyingine aliiuliza injini kama watu wa nyumbani kwake hawajambo. Wallahi aliiuliza.

Nasikia huko injini zinakokaa kuna watu wazima wanalipwa kuzichunga. Nawaonea huruma. Kila asubuhi waingie kazini, wavue makoti, wakute Bi Mwanakuu kawatangulia.

Jibu lilipokuja, lilikuja kwa Kiingereza, na Ngumbao alilisoma mara mbili kabla ya kusema kitu. Injini ilisema kwamba anwani ile imeletwa mara nyingi mno, kwa hivyo imefutwa, na haitapokewa tena hata ikiletwa. Ngumbao akageuka polepole, akamuuliza Bi Mwanakuu kama anajua lolote.

"Nimeikumbusha tu," akasema Bi Mwanakuu. "Kwani imenuna kwa kukumbushwa?"

Akaelezwa kwamba ndiyo, imenuna, na kwamba huko kwao mtu akikumbushwa mara nyingi huona anasumbuliwa, akafunga mlango. Bi Mwanakuu alikaa kwenye benchi la wateja. Maisha yake yote alikuwa akiwaogopa watu wanaonuna kwa kutokumbushwa, na sasa amepatikana mmoja, tena mkubwa kuliko wote, anayenuna kwa sababu ya adabu. Mwanzo alikasirika, akasema injini haikulelewa. Kisha hasira ikamtoka, akaona alilolifanya. Alikuwa na njia moja tu ya kumfikia mwanawe, na ameifunga kwa mkono wake mwenyewe. Akalia pale pale dukani, uso ndani ya ukaya wa buibui, na watu wawili waliokuja kupiga fotokopi wakakumbuka kwamba wana haraka.

Ngumbao hakuwa na la kumfariji ila kazi. Akauhamisha ukurasa akaupeleka kwenye anwani mpya, akaijulisha injini mara moja, mara moja tu, na akamhamisha Bi Mwanakuu pia, akamkalisha mbali na kompyuta. Kisha akamwambia jambo alilopaswa kumwambia tangu mwanzo. Injini husikiliza zaidi wengine wasemavyo kuliko usemavyo wewe. Ikipita kwenye kurasa za watu ikakuta zautaja ukurasa wako, itakuja yenyewe bila kuitwa, na itauweka mbele.

"Kumbe ni mtu wa mjini," akasema Bi Mwanakuu, akipangusa macho. "Haendi mahali mpaka asikie wengine waenda."

Akaenda kwake, akajifukiza udi, akatia buibui. Haya ndiyo aliyoyaweza. Alizipitia nyumba zote zenye mtoto ng'ambo, na Mombasa hii nyumba isiyokuwa na mtoto ng'ambo ni ile inayomsubiria pasipoti. Alisimama mlangoni, akatoa salamu, akauliza wazima na wagonjwa, kisha akamwambia mama wa nyumba amwambie mwanawe wa Toronto, au wa Maskati, au wa Dubai, autaje ukurasa wa Kuze kwenye ukurasa wake. Maana walikuwa nazo kurasa, watoto hao. Mmoja aliweka picha za gari lake tu, kutoka pande zote, na mwenyewe akiwa ameegemea. Mwingine alikuwa na ukurasa wa mawaidha ya dini na muziki unaocheza wenyewe ukiufungua. Bi Mwanakuu hakubagua. Na siku zilipopita alirudi kuwakumbusha, na hapa hakununa mtu. Akina mama wakawakumbusha watoto wao kwa simu, wakawakumbusha tena, mpaka watoto kule Kanada wakautaja ukurasa wa Kuze ili wapate kulala.

Injini ikaja. Siku moja Ngumbao aliandika Kuze, na la kwanza kabisa kutokea likawa Habari za Kuze, na chini yake mstari mmoja wa salamu za Bi Mwanakuu, zimekatwa katikati kwa kuwa ni ndefu. Ngumbao alisimama akapiga makofi peke yake. Bi Mwanakuu alisogea, akausoma mstari wake polepole kwenye kioo, akauliza kwa nini wamemkata kabla hajamaliza kusalimu. Lakini alikuwa akitabasamu.

Simu zikaanza kuingia kwa Ngumbao, na zote hazikuwa za Zaki. Alipiga mtu wa Maskati aliyejulia ukurasani kwamba mkewe aliyemwacha ameolewa na ndugu yake, akataka kujua nani kaandika. Alipiga mwenye ile nyumba ya rangi isiyofaa. Bi Mwanakuu alizipokea zote kwa upole, akasema atatazama, akaweka mkono kifuani kila simu ilipolia na kuushusha kila sauti ilipokuwa si ile.

Kisha Ijumaa moja, watu wakitoka msikitini, simu ikalia, Ngumbao akasikiliza, na akamnyooshea Bi Mwanakuu mkono wa simu.

"Mama."

Akaijua sauti. Imekuwa nzito kidogo, imeingia mafua, lakini ni ile ile. Akakaa juu ya boksi la karatasi.

"Zaki. Mwanangu. U mzima?"

"Nani aliyekwambia uniandike, Mama?"

Hata kumwamkia hakumwamkia. Mtoto aliyelelewa Kuze, akafunzwa shikamoo kabla ya kufunzwa kutembea, miaka mitatu hajulikani alipo, na neno la kwanza ni kumgombeza mamake. Mtu mwingine angeliikata hiyo simu. Bi Mwanakuu aliishika kwa mikono miwili.

Zaki akasema kwa haraka na kwa sauti ya chini. Huko aliko yeye si Zaki. Jina lililo kwenye karatasi zake ni jingine, na nchi aliyosema ametoka ni nyingine, nchi yenye vita, kwa sababu anayetoka kwenye vita hupewa pa kukaa na anayetoka Kuze hupewa tikiti ya kurudi Kuze. Kesi yake bado haijakwisha. Ndiyo sababu alinyamaza, ili pasiwe na barua wala simu ya kumuunganisha na nyumbani. Na jana rafiki yake mmoja, katika kutafuta tu mambo ya Mombasa, ameandika Kuze, na aliyemtokea mbele kabisa ni yeye, kwa jina lake, jina la babake na mtaa wake, amevaa kanzu ya Idi anacheka.

"Watu wa serikali nao wana kompyuta, Mama," akasema. "Wakiliona hilo nimekwisha. Liondoe. Nakuomba, liondoe."

Bi Mwanakuu hakuhitaji kuelezwa mara ya pili. Aligeuka akamtazama Ngumbao, akaionyesha kompyuta kwa kidole, akapitisha kiganja hewani kama afutaye meza. Ngumbao akaelewa, akakaa, akaufuta ukurasa wote, kuanzia salamu mpaka picha, harusi na vifo na rangi ya nyumba. Haikuchukua muda. Miezi yote ile ya udi na buibui, na kuufuta ukurasa hakukuchukua hata muda wa kikohozi kimoja cha Zaki. Ngumbao akampa ishara kwamba tayari, hakuna kitu tena.

Bi Mwanakuu aliiona ishara. Akaelewa pia kwamba akimwambia mwanawe tayari, mwanawe atashukuru, ataweka simu chini, na itakuwa basi.

"Mambo haya ya kompyuta mimi siyajui, mwanangu," akasema. "Nitamwambia mwenyewe atazame. Wewe nipigie Ijumaa, nikwambie imekuwaje."

Ngumbao akafungua mdomo. Bi Mwanakuu akamtupia jicho, akaufunga.

Alipoweka simu, Ngumbao alimweleza jambo jingine. Ukurasa umekwenda, lakini injini bado yaukumbuka. Mtu akiandika Kuze, ule mstari mmoja utaendelea kutokea, jina Habari za Kuze na kipande cha salamu, ila akibonyeza hakuti kitu. Jina la Zaki halimo, picha haimo, hatari hakuna. Utakaa hivyo mpaka injini ipite tena ijionee, na hilo huenda likachukua wiki nyingi. Lakini yeye anaweza kuijulisha leo hii, mara moja, iufute.

"Usiisumbue," akasema Bi Mwanakuu. "Haipendi."

Jioni hiyo Bi Mwanaesha, aliyekwisha kusikia kwamba kuna simu, alimsimamisha kichochoroni akauliza kwa huruma yake ile, Zaki yu vipi. Bi Mwanakuu akasema hajambo, awasalimu sana. Ilikuwa uongo bado, kwa sababu Zaki hakumsalimu mtu, lakini la kuwa hajambo lilikuwa kweli, na alilisema kwa nguvu mpaka dirisha la juu likafunguka.

Ijumaa Zaki akapiga. Alikuwa ametafuta mwenyewe, na ule mstari bado anauona. Jina lake halimo tena, sawa, lakini kwa nini hata Kuze ibaki? Mamake akasema hata yeye ashangaa, mtambo mkaidi huu, na Ngumbao naye kazi ni kuvaa shati tu. Ngumbao alikuwa amesimama pale pale. Zaki akamgombeza mamake kwa muda mrefu, mambo ya kutia siri za watu ulimwenguni, naye akayasikiliza yote kwa utulivu, akiitikia ee mwanangu, kweli mwanangu. Mwisho, pumzi zilipomwisha, Zaki akauliza kama ule mguu wa mamake bado wamuuma wakati wa mvua. Bi Mwanakuu akasema wauma kidogo. Akamwambia apige Ijumaa ijayo.

Akapiga. Akagombeza, lakini kidogo. Ijumaa nyingine akamwamkia kwanza, akagombeza baadaye. Ikafika siku akasahau kabisa kugombeza, akauliza samaki wa kupaka huanza kuchomwa au huanza kutiwa nazi, maana nazi huko huuzwa kwenye mikebe na hajui aitie lini. Mamake akamweleza taratibu, akarudia, na mara moja nyuma ya sauti ya Zaki akasikia mtoto mdogo anakohoa na mwanamke anamnyamazisha. Zaki hakusema ni nani. Yeye hakuuliza. Alikwenda nacho nyumbani hicho kikohozi, akakaa nacho wiki nzima, akifurahi na kukasirika kwa zamu.

Mara moja moja Ngumbao alijaribu kusema kwamba anaweza kuimaliza kazi hii kwa kitufe kimoja. Bi Mwanakuu akamwambia aangalie fotokopi yake.

Kisha, bila ya kumbusho lolote, injini ikapita. Ngumbao aliliona hilo asubuhi ya Ijumaa, akaandika Kuze na ule mstari haukutokea, na hakupata ujasiri wa kusema. Alimwacha Bi Mwanakuu akae kwenye kiti chake karibu na simu, buibui lake likinuka udi. Simu ikalia.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Hamjambo huko?"

"Hatujambo. Mama, ule mstari umeondoka. Nimetafuta tangu jana, haupo."

Bi Mwanakuu alimtazama Ngumbao, na Ngumbao akatazama chini. Bi Mwanakuu alijua siku hii yaja, na alikuwa ameyaandaa maneno ya kuipokea, Alhamdulillahi na mengine. Hayakutoka. Kwa mara ya kwanza tangu aanze kualika watu alikuwa kama aliyesimama mbele ya mlango bila ya neno la kusema.

"Umetafuta sawasawa?" akauliza mwishowe.

"Nimetafuta sawasawa."

"Hebu tafuta tena Ijumaa ijayo, mwanangu. Mitambo hii haiaminiki."

Nyuma ya Zaki akasikika yule mtoto, safari hii akicheka. Kisha Zaki akasafisha koo.

"Kweli, Mama," akasema. "Haiaminiki. Itabidi niwe nikikupigia kila Ijumaa, tuhakikishe."